Sifuri ya Ukingoni

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Mtu akinisalimia kwa furaha kuliko jana, najiuliza anataka nini. Marehemu mke wangu alikuwa akisema kwamba nikifika peponi nitauliza kwanza mlinzi wa mlango ni nani na aliwekwa na nani. Huenda. Lakini kijiji chetu hiki, kwenye barabara ya vumbi inayotokea Mkunya, kimelizwa mara nyingi na watu wenye maneno matamu, na mimi sijawahi kuwemo miongoni mwa waliolizwa.

Kwa hiyo Abuu alipokuja kumposa Shamila, mtoto wa dada yangu Adija, nilimshuku. Kwetu sisi mjomba ndiye mwenye neno. Baba anaweza kupenda au kununa, lakini binti haolewi mpaka mjomba aseme, na mjomba akisema binti aachane na mume, wanaachana. Tena mume ndiye anayehamia upande wa mke, anajenga kwa wakwe, anaangaliwa. Abuu alitoka Lupaso, huko chini Masasi, Mmakua mwenye sauti ya upole, fundi wa umeme na kompyuta aliyesomea chuo cha ufundi. Upole wake ndio ulionitia wasiwasi. Nilimhoji asubuhi nzima, akajibu kila kitu bila kuchoka, na hilo nalo nikalishuku. Mwishowe nilikubali kwa sababu Shamila alikuwa ameanza kukonda.

Sasa habari ya maji. Hapa juu uwandani maji hayapatikani kwa kuchimba, yanasukumwa kwa pampu kutoka chini ya mteremko mpaka kwenye tangi letu, kisha yanagawiwa kwa zamu kwa vitongoji vitatu: Shuleni, ambako watu ni wengi, Msikitini, ambako ndiko kwetu, na Ukingoni, kule ardhi inakokatika. Zamani koki zilifunguliwa na mzee mmoja aliyegawa maji kwa kadiri ya urafiki. Aliyempelekea ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi yetu ya porini, alioga mara mbili. Siku aliyowafungulia watu wa arusi ya mpwa wake mpaka tangi likakauka, alinusurika kupigwa, na mkutano ukaamua koki zifunguliwe na mashine, kwa kuwa mashine haina mpwa.

Abuu ndiye aliyesema anaweza kuitengeneza. Alikuwa ana miezi michache tu tangu aoe. Akaunda kisanduku chenye kompyuta ndogo ndani, akakiandikia programu, yaani yale maelekezo ambayo mashine huyafuata moja baada ya jingine, ili kifungue na kufunga koki chenyewe bila mtu kugusa. Mkutano ulikuwa umeshakubaliana mgao kwa wingi wa kaya: Shuleni dakika mia na ishirini, Msikitini tisini, Ukingoni sitini. Namba zikapakwa rangi kwenye ukuta wa tangi ili kila mtu azione.

Rajabu, ambaye ni mkubwa wa Ukingoni na ana ulimi wa kuchoma, akasimama mbele ya ule ukuta mikono kiunoni.

"Shuleni tarakimu tatu," akasema. "Sisi mbili. Leo mmetupunguzia tarakimu, kesho mtatupunguzia maji."

Watu walicheka, ila wa Ukingoni hawakucheka. Wakaanza kunong'ona. Abuu, kwa upole wake ule, akachukua brashi akaongeza sifuri mbele ya sitini, na mbele ya tisini pia, zikawa 120, 090, 060. Zote tatu sasa zina urefu mmoja. Watu wakapiga makofi, na Rajabu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi niliitazama ile brashi nikajiambia kwamba kijana huyu anaogopa ugomvi, na mtu anayeogopa ugomvi huwa ana jambo anaficha. Kisha Abuu akaingia kwenye kibanda cha mashine na kompyuta yake ya mapajani, akakaa humo huku watu wanangoja juani, akatoka akifuta jasho. Jioni hiyo maji yakatoka Shuleni, yakatoka Msikitini, yakatoka Ukingoni, na kijiji kikalala kikimsifu.

Kiangazi kilipokaza, Ukingoni wakaanza kulalamika. Foleni ya ndoo haikuisha tena. Waliopanga mwanzo walichota, waliopanga mkiani walisikia bomba linakohoa na kukauka mbele ya macho yao. Fatu, mama mmoja wa huko ambaye hana dogo, alisema waziwazi kwamba maji yao yanakatwa yapelekwe Msikitini kwa wakwe wa fundi. Na kweli, kwetu foleni iliisha kila siku, na waliobaki na ndoo tupu hawakuwepo.

Kibaya zaidi, dada yangu Adija alikuwa anafyatua matofali. Shamila alikuwa mjamzito, na mama yake alitaka mtoto azaliwe katika nyumba ya tofali iliyo ya binti mwenyewe. Maji ya matofali yale yalitoka kwenye kisima cha mvua kilichopo uani kwake, nakijua kisima hicho kwa kuwa nilisaidia kukichimba na mgongo wangu unakikumbuka. Lakini mtu wa Ukingoni akipita na ndoo tupu kichwani, haoni kisima. Anaona matofali mabichi yamepangwa mstari, yanang'aa kwa maji.

Rajabu akaja kwangu mchana mmoja. Akanisalimia vizuri, akakaa, akakataa chai. Mtu akikataa chai yangu najua mambo yameharibika.

"Mzee Razaki, nimepima kwa simu," akasema. "Maji yetu yanafunguliwa, yanafungwa. Ni dakika arobaini na nane. Nimerudia mara nyingi. Mkwe wako anatuibia."

"Umepima kwenu tu?"

"Nipime kwenu ili iweje? Kwenu naona matofali."

Nikamwambia aniachie. Nilikwenda kupima mwenyewe, kila kitongoji kwa siku yake, nimekaa kando najifanya nasuka mkeka. Shuleni walipata dakika zao zote. Msikitini tulipata tisini kamili. Ukingoni bomba likafungwa kwenye dakika ya arobaini na nane, kama Rajabu alivyosema, na mama wa mwisho kwenye foleni akakigonga kile chuma kwa kiganja kana kwamba kinalala. Niliona hasira inanipanda mpaka masikioni. Na nitasema ukweli, chini ya ile hasira palikuwa na raha kidogo. Nilimshuku tangu siku ya kwanza, na sasa nilikuwa nimepata.

Nilimkuta Abuu kwenye baraza yake anapotengenezea redio na simu za watu. Shamila alikuwa ndani anatwanga.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Hizo dakika za Ukingoni unazipeleka wapi?"

Akanitazama. Nilitegemea aanze kuapa, nilikuwa nimejiandaa kwa viapo. Hakuapa. Aliuliza nimepima vipi, akauliza Msikitini ni ngapi na Shuleni ni ngapi, kisha akafungua kompyuta yake ya mapajani akaanza kusoma mistari ile aliyoiandika. Nilikaa pale mpaka kivuli cha paa kikahama. Kinu kilikuwa kimenyamaza ndani, nikajua Shamila anasikiliza.

"Nimeona, Mjomba," akasema mwishowe, na rangi ilikuwa imemtoka. "Ni sifuri."

"Sifuri gani?"

"Ile tuliyoiweka kwa ajili ya Rajabu. Ukutani niliandika 060. Nilitaka programu ifanane na ukuta, nikaandika humu 060 vilevile. Sasa lugha hii ya mashine ina kanuni ya zamani. Namba ikianza na sifuri, haiisomi kwa makumi kama sisi. Inaisoma kwa manane. Sisi sita na sifuri ni makumi sita. Yenyewe inaona manane sita. Ndiyo hiyo arobaini na nane."

"Na haikukuambia?"

"Haiambii. Kwake si kosa. Imeelewa kitu kingine na ikaendelea na kazi."

Nikafikiri. Mimi sikufika mbali na shule, lakini akili ya kutafuta tundu ninayo. "Na sisi Msikitini? Sisi pia tuna sifuri ukutani. Mbona tisini yetu ni nzima?"

Akafumba macho kidogo. "Hiyo ndiyo mbaya, Mjomba. Katika kuhesabu kwa manane, tarakimu ya tisa haipo kabisa. Inaishia saba. Siku ile nilipoandika 090, mashine iligoma, ikasema namba hii siijui. Watu walikuwa wananingoja juani. Nikaitoa ile sifuri kwenye tisini, ikakubali, nikashukuru Mungu nikatoka. Sitini haikugoma, kwa hiyo sikuigusa wala sikuiwazia."

Nikamwambia maneno hayo yamekaa sawa mno, na yamekaa sawa kwa upande wa wakwe zake. Akageuza kompyuta akaandika 060 akaiamuru iseme ni ngapi. Ikasema 48. Nikamwambia mtu aliyeandika programu ya kuiba hawezi kushindwa kuandika programu ya kusema uongo. Hakukasirika. Alinisogezea ile kompyuta.

"Chagua mwenyewe, Mjomba. Namba yoyote."

Nilibonyeza kwa kidole kimoja. Niliandika 050, ikasema 40. Nikaandika 070 ikasema 56. Nikaandika 080, ikagoma, ikatoa mistari myekundu. Nikaandika 50 bila sifuri, ikasema 50. Nilihangaika nayo kwa muda mrefu nikitafuta inaponidanganya, na sikupaona. Niliumia, kwa sababu kushuku kwangu kulikuwa kumefika ukutani na hakukuwa na mtu nyuma ya ukuta.

Shamila akatoka ndani, mkono mmoja umeshika tumbo. "Mjomba, Fatu alinitukana bombani mbele za watu," akasema. "Alisema nimeolewa na mwizi. Nikamwapia kwa Mungu kwamba Abuu hajaiba hata kikombe. Sasa umeona mwenyewe."

"Nimeona," nikamwambia.

Abuu alitaka kwenda kwa Rajabu saa ileile. Nilikwenda naye, na kompyuta tukaibeba. Rajabu alitusikiliza na wazee wawili wa Ukingoni wameketi kando yake. Abuu alieleza taratibu, manane na makumi, kama alivyonieleza mimi. Alipomaliza, Rajabu akamwita binti yake anayesoma darasa la pili, akamuuliza sifuri mbele ya sita inabadilisha nini.

"Hakuna," mtoto akasema, akarudi kucheza.

"Umesikia," Rajabu akasema. "Sifuri mbele ya namba ni bure. Dunia nzima inajua. Wewe sifuri yako inakunywa maji. Na hata kama inakunywa, mbona ya kwenu Msikitini ilikataliwa mlangoni, ya kwetu ikakaribishwa?"

"Kwa sababu ya tisa, mzee," Abuu akasema.

"Kwa sababu ya mama mkwe."

Wale wazee wakaguna. Abuu akafungua kompyuta aoneshe, Rajabu akaifunga kwa kiganja chake, polepole, bila ukali. Kisha akanigeukia mimi. "Mzee Razaki, Ijumaa ijayo kuna mkutano. Sisi tutasema huyu arudi kwao Lupaso. Mjomba ndiye wewe, binti ni wako, neno ni lako. Ukimwacha abaki, tutajua hayo maji mliyanywa wote."

Hapo ndipo mambo yalipofika. Nisipomfukuza Abuu, nusu ya kijiji ingenihesabu mwizi pamoja naye. Nikimfukuza, Shamila angejifungua bila mume kwa kosa ambalo nimeligusa kwa kidole changu na kujua si wizi. Njiani kurudi nilikuwa nawaza watu wa kijiji changu, ninavyowajua.

Ninawajua kwa sababu nafanana nao. Mtu wa hapa ukimpa maelezo asiyoyaelewa, hakuambii kwamba hajaelewa. Anasema unamficha. Kadiri unavyoeleza ndivyo anavyozidi kuona kinachofichwa ni kikubwa. Lakini mpe kosa analolijua, kosa ambalo hata yeye angelifanya, atakutukana vizuri, atacheka, na kesho atakuja kuazima jembe.

Kwa hiyo tulipofika kwenye mikorosho ya Adija, nikamsimamisha Abuu.

"Siku ya mkutano utasema ulipendelea," nikamwambia.

Hakuelewa. "Nilipendelea nini?"

"Wakwe zako. Sema uliona mama mkwe anahangaika na matofali, mke mjamzito, ukapunguza za Ukingoni kidogo. Sema shetani alikupitia. Omba radhi. Mimi nitasimama nyuma yako, nitawapa mbuzi, yataisha."

"Mjomba, sikuiba."

"Najua hukuiba. Ndiyo maana hawakuamini. Ungekuwa umeiba ungekuwa umeshasamehewa."

Alichezea ganda la mti kwa ukucha. "Na Shamila?"

"Usimwambie kabla. Uso wake hauwezi kuficha kitu, Fatu atamsoma. Nitamweleza mwenyewe yakishapita."

"Ile sifuri naitoa lini?"

"Asubuhi ya mkutano. Maji yakitoka sawa siku hiyohiyo, watatulia."

Nilijiona nina akili sana. Kila kipande nilikuwa nimekipangia mahali pake.

Ijumaa baada ya swala watu wakajaa kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, wanaume upande huu, wanawake upande ule na kanga zao. Rajabu akasema aliyoyasema. Kisha Abuu akasimama. Nilimwonea huruma kabla hajafungua kinywa. Lakini alipoanza, alisema vizuri. Alisema alipendelea. Alisema aliona tumbo la mke wake na mikono ya mama mkwe iliyojaa udongo, akashindwa na nafsi yake. Alisema habari ya sifuri aliitunga kwa aibu, na anawaomba radhi watu wa Ukingoni, wakubwa kwa wadogo. Hiyo ya kuitunga sifuri sikumwagiza. Aliiongeza mwenyewe ili mambo yakamilike.

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi wakacheka.

"Si ungesema tangu mwanzo," Rajabu akasema, na uso wake ulikuwa umekunjuka. "Unatupeleka kwenye manane. Kijana, nani hapa hajawahi kumwogopa mama mkwe?"

Hata Fatu alicheka. Waliamua kwamba ufunguo wa kibanda utakaa kwa Rajabu, mbuzi ataliwa Ukingoni jioni hiyohiyo, na mkwe abaki. Watu walimpiga Abuu mgongoni wakipita. Nikatafuta macho ya Shamila upande wa wanawake ili nimwashirie kwamba yote ni sawa. Nafasi yake ilikuwa tupu. Mama yake, Adija, alikuwa amebaki ameketi palepale, ameinamisha kichwa, hakuna aliyekaa karibu naye.

Alasiri ile maji ya Ukingoni yakatoka dakika sitini kamili. Nilikwenda kuona. Foleni iliisha, na yule mama wa mkiani akajaza ndoo mpaka ikamwagika. Watu walikuwa wanaambiana kwa furaha kwamba mnaona sasa, kasema tu, na maji yametimia leo hiihii, mnataka ushahidi gani. Ushahidi huo niliupanga mimi.

Shamila alinikuta nyumbani kwangu. Hakukaa nilipomkaribisha.

"Abuu ameniambia wewe ndiye uliyemtuma," akasema. "Ni kweli, Mjomba?"

"Ni kweli. Nimekuokolea mume."

"Mimi nilimwapia Fatu kwa Mungu. Leo nimepita bombani, amenishika mkono, ananiambia nisijali, wote tunawaficha waume zetu. Anasema amenisamehe uongo wangu." Sauti yake haikupanda. "Mimi sikusema uongo."

"Yatasahaulika."

"Hayatasahaulika. Mtoto wangu akigombana na wenzake kwenye foleni atakumbushwa baba yake aliiba maji. Na atakuwa hana la kujibu, maana baba yake alisema mwenyewe, mbele ya kijiji kizima." Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Nenda ukawaambie ulimfundisha. Watu wanakujua hupendi kumtetea mtu. Wewe watakuamini."

Niliona haya, na niliogopa pia, nisifiche. Lakini huyu ni mtoto wa dada yangu, nilimbeba mgongoni akiwa na surua. Kesho yake nilikwenda Ukingoni wakati wa zamu yao, watu wote wako bombani, Rajabu ana ufunguo shingoni umefungwa kwa kamba. Nikasema kwa sauti kwamba Abuu hakuiba. Nikasema sifuri ni kweli, niliijaribu kwa mkono wangu, na maneno ya kuungama nilimpa mimi ili ugomvi uishe.

Walinisikiliza kwa adabu. Hakuna aliyenizomea, ingekuwa afadhali wangenizomea. Rajabu alinijia akaniwekea mkono begani.

"Mzee Razaki, tumeshasamehe," akasema kwa upole. "Usijisumbue. Mjomba lazima amtetee mkwe, hata mimi ningefanya hivyo."

"Simtetei. Nasema ilivyokuwa."

"Sawa, mzee. Iwe sifuri basi." Akawakonyeza wenzake. "Mbuzi alikuwa mtamu."

Wakacheka kwa wema. Nilijaribu kueleza manane na makumi, na nikaona zile nyuso zinavyofunga mlango mmoja baada ya mwingine, mlango uleule ambao mimi nimewafungia watu maisha yangu yote. Fatu akanichotea kikombe cha maji, akanipa kwa mikono miwili. Nikayanywa, na nilitaka kulia.

Niliporudi, Abuu alikuwa anafunga vyombo vyake kwenye mfuko wa salfeti. Shamila alikuwa anakunja kanga, moja juu ya nyingine. Adija ameketi karibu na matofali yake.

"Wamesemaje?" Shamila akaniuliza.

"Wamesema wamesamehe."

Akaendelea kukunja. Abuu hakunitazama kwa ubaya, na hilo liliniuma zaidi. Akasema wataenda Lupaso kwa mama yake, ana shamba la mikorosho na chumba, na kazi ya simu ataipata hata Masasi mjini.

"Wewe utaenda," nikamwambia. "Yeye ni wetu. Mtoto ni wetu. Mke hatoki kwao kumfuata mume, haijawahi kuwa hivyo katika nyumba hii, na mimi ndiye mjomba. Namkataza."

Abuu akauacha mfuko akasimama, mikono imelegea. Nilijua angetii. Angeenda peke yake kama ningelirudia lile neno, kwa sababu ndivyo alivyo. Shamila naye alijua. Akaweka kanga chini, akanijia, akapiga magoti mbele yangu kwa taabu ya lile tumbo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mjomba," akasema.

Hakuniomba ruhusa wala hakubishana nami. Alingoja tu niitike, na nilielewa kwamba nikiitika nimemuaga, nisipoitika atabaki pale magotini, na mumewe ataondoka akiwa mwizi. Nilikuwa na neno, lilikuwa langu, kijiji kizima kinalijua. Nilitafuta kitu cha kushuku katika uso ule nikakosa.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikamshika mkono nikamwinua.